Namna ya kurudia kipimo cha brusela kwa ng'ombe wa maziwa bila kujidanganya

Ng'ombe wangu Tausi alipimwa damu mara mbili, na mara zote mbili karatasi ikasema ana brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba. Nikamuuza kwa mchinjaji kwa hasara, watoto wamenuna, maana ndiye pekee aliyekuwa anakubali kukamuliwa na mtu yeyote. Miezi mitatu baadaye Asali, aliyekuwa akilala naye banda moja na ambaye karatasi ile ile ilimwita mzima, akatupa mimba ya miezi saba usiku wa kuamkia Ijumaa. Kondo la nyuma likakaa siku tatu bila kutoka. Nikapeleka damu yake: brusela.

Ilichukua wiki nzima kijana wetu wa mifugo kunieleza kilichotokea. Siku ile ya kwanza tulichukua damu ya ng'ombe 11 wa kikundi chetu hapa Masasi. Akaandika majina kwa kalamu ya wino juu ya plasta, akapanga chupa kwenye boksi la barafu, akapanda basi la asubuhi kwenda Mtwara. Kufika Mnazi Mmoja barafu ilikuwa imeshakuwa maji. Alipofungua boksi, plasta mbili zilikuwa zinaelea kama majani ya chai, na chupa mbili zimebaki uchi. Akakumbuka kadiri alivyoweza, akazivisha. Na mimi nilipolalamika kwamba Tausi hana dalili hata moja, nikaomba wapime upya. Wakapima upya kweli, ila kutoka chupa ile ile. "Nisamehe, Mwalimu," akaniambia, macho chini. Nilimsamehe, mimi mwenyewe nilikuwepo wakati anaandika na sikusema kitu. Mpaka leo sijui kama Tausi alikuwa mgonjwa, au mzima, au walikuwa wagonjwa wote wawili.

Nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka 26, na kosa langu lilikuwa la hesabu: nilihesabu mbili palipokuwa na moja. Shahidi mmoja akirudia maneno yake hajawa mashahidi wawili. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu, na wenzangu wa kikundi wanaufuata huku wananung'unika. Ndio huu.

Ujue kwanza kinachotafutwa

Kipimo cha damu cha brusela hakimtafuti mdudu. Mdudu mwenyewe, ambaye kwa ng'ombe alitambuliwa na Bernhard Bang huko Denmark mwaka 1897, hukaa zaidi kwenye kizazi, kiwele na matezi. Kinachotafutwa kwenye damu ni kingamwili, yaani silaha ambazo mwili wa ng'ombe umezitengeneza baada ya kukutana naye. Ni kama kumtambua mwizi kwa nyayo. Anaweza kuwa ameshaingia ndani na nyayo bado hazijaonekana. Na zinaweza kuonekana nyayo kumbe aliyepita ni mwingine.

Hapo ndipo swali lote la kurudia kipimo linapoanzia. Ukitaka kujua urudie lini na urudie vipi, jiulize kwanza kile cha mwanzo kingeweza kukosea kwa sababu gani. Kama kilikosea kwa sababu ng'ombe ameambukizwa juzi, kurudia kesho ni kutupa hela. Subiri wiki kadhaa. Kama kilikosea kwa sababu chupa zilichanganyika, kusubiri hakusaidii kitu. Chukua damu mpya. Kama kilikosea kwa sababu ng'ombe ana chanjo, utarudia mpaka uchoke na utapata jibu lile lile. Badilisha kipimo, au subiri miezi.

Nyakati ambazo damu hudanganya

Ng'ombe aliyeambukizwa karibuni huweza kukaa wiki kadhaa, wengine miezi, kabla kingamwili hazijatosha kuonekana. Mwenye mimba ndiye mbaya zaidi: unaweza kumnunua akiwa na karatasi safi, akaja kuonyesha ugonjwa siku anapozaa au kutupa. Ndiyo maana nasema kwa uchungu kidogo kwamba mtamba mwenye mimba ndiye mnyama ambaye wauzaji humsifia zaidi, na ndiye ambaye karatasi yake naiamini kidogo kuliko zote.

Kipindi cha kuzaa nacho kina mambo yake. Wiki mbili tatu kabla na wiki mbili tatu baada ya kuzaa, kingamwili nyingi huondoka kwenye damu na kuingia kwenye kiwele ili ndama azipate kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza. Damu ya mama ikipimwa wakati huo huweza kuonekana safi kumbe sivyo. Ndama naye, akishanyonya dang'a ya mama mgonjwa, huonekana mgonjwa kwa miezi ya mwanzo hata kama hajaambukizwa. Kwa hiyo ndama wa chini ya miezi sita simpimi kabisa.

Kuna wale mitamba waliozaliwa na mama mgonjwa. Wachache kati yao hubeba mdudu tangu tumboni, damu ikawa safi miaka yote ya ukuaji, mpaka mimba ya kwanza ndipo mambo yakafumuka. Hakuna kipimo cha damu cha kumkamata huyo akiwa mdogo, hata umpime mara kumi. Dawa yake ni kuuliza mama yake ni nani, na muuzaji akianza kukunja maneno ujue umeshajibiwa.

Halafu chanjo. Chanjo ya S19, ambayo hapa nchini hutengenezwa Kibaha, hupewa mitamba wadogo, na huacha kingamwili zile zile ambazo kipimo cha kawaida kinazitafuta. Kwa waliochanjwa utotoni nyingi hupungua miezi inavyopita. Aliyechanjwa akiwa mkubwa anaweza kuonekana mgonjwa kwa muda mrefu. Chanjo nyingine, RB51, haivurugi vipimo hivi. Kwa hiyo kabla ya kutoa damu muulize mwenye ng'ombe: amechanjwa? Kwa chanjo gani? Akiwa na umri gani? Jibu liandikwe kwenye karatasi ya maombi, maana fundi wa maabara haoni ng'ombe, anaona chupa tu.

Kuna pia vijidudu jamaa ambavyo vimefanana na brusela kwenye ganda. Mmoja ni Yersinia enterocolitica wa aina ya O:9, anayekaa tumboni. Ng'ombe akikutana naye huweza kusingiziwa brusela, na kusingiziwa huko kukapita baada ya muda.

Kuchukua damu

Hapa ndipo tulipoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mfunge ng'ombe kwenye nguzo, kichwa kimeinuliwa na kugeuzwa pembeni. Mtaalamu hubonyeza mshipa wa shingo kwa kidole gumba, unavimba kama bomba la baiskeli, ndipo anachoma. Sindano mpya kwa kila ng'ombe. Ukimwona anataka kutumia ile ile kwa wanyama wawili, mzuie hata kama ni mtu mzima na ana haraka, kwa sababu sindano hiyo hubeba magonjwa kama ndigana baridi na nagana, ule wa mbung'o, kutoka huyu kwenda yule, na unaweza kuanza siku na tatizo moja ukamaliza na matatu.

Chupa ni yenye kifuniko chekundu, isiyo na dawa ya kuzuia damu kuganda. Ya zambarau ni ya vipimo vingine. Mililita 5 mpaka 10 zinatosha. Usitikise. Iache imelala mshazari kivulini, saa moja au mbili, mpaka damu igande na juu yake kutoke maji ya rangi ya asali mbichi. Hayo ndiyo maabara wanayaita seramu, na ndiyo yanayopimwa. Yakitoka mekundu kama juisi ya rozela, ujue chembe za damu zimepasuka, kwa joto au kwa kutikiswa au kwa kugandishwa, na majibu yake ni ya mashaka. Seramu ihamishiwe kwenye chupa ndogo safi kabla ya safari ukiweza. Ukishindwa, chupa yenye damu ipoe lakini isigande barafu: ifunge kwenye gazeti kavu kwanza, na barafu ikae nje ya gazeti, ndani ya mfuko wake uliofungwa.

Jina la ng'ombe lisitumike. Kwenye kikundi chetu tuna Neema watatu. Tumia namba ya hereni. Andika kwa penseli juu ya plasta ya kitambaa. Penseli haiogopi maji. Zungusha plasta chupa nzima mpaka ncha zikutane na kupandana. Namba hiyo hiyo iandikwe kwenye kifuniko, na kwenye daftari kwa mpangilio wa uchukuaji, na mtu wa pili asome kwa sauti huku wa kwanza anaangalia sikio la ng'ombe. Wenzangu walicheka mara ya kwanza, wakasema Mwalimu anaita mahudhurio. Ndiyo, naita mahudhurio.

Maabara tunayotumia ni ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, kituo cha Mtwara. Piga simu kabla, uliza kama dawa za kupimia zipo na siku gani wanapima, usije ukasafirisha damu kilomita karibu 200 ikakae kwenye friji ikisubiri.

Nilichokiona kwenye kigae cheupe

Siku moja niliomba kuona. Fundi, dada mmoja mpole, aliweka tone la seramu kwenye kigae cheupe, mikrolita 30, na pembeni tone kama hilo la dawa ya kupimia, nzito, rangi ya waridi iliyokolea. Hiyo ni Rose Bengal: ndani yake mna vijidudu vya brusela vilivyouawa na kutiwa rangi. Alichanganya kwa kijiti mpaka pakawa na duara la upana wa sentimita mbili, akaanza kutikisa kigae taratibu, kama mtu anayepepeta mchele mchache kwenye sahani. Dakika nne, kwa saa ya ukutani, si kwa kukisia. Tone la kwanza likabaki laini kama maziwa yenye rangi. La pili, kufika dakika ya pili, likaanza kukatika vipande vidogo vidogo kama maziwa yaliyokatikia jikoni. "Huyu anaye," akasema.

Nikauliza la tatu, ambalo kwa macho yangu lilikuwa na chenga kidogo pembeni. Akaniambia chenga yoyote inayoonekana ndani ya dakika nne huhesabiwa, ila baada ya dakika nne usitazame tena, kwa sababu tone linapokauka pembeni hujifanya limekatika. Kwa hiyo mtu aliyekwenda kupokea simu akarudi dakika ya saba anaweza kumsingizia ng'ombe wako.

Jambo jingine aliloniambia: dawa hiyo hukaa kwenye baridi ya friji bila kugandishwa, lakini siku ya kupima hutolewa mapema, yenyewe na seramu, mpaka zote zifikie joto la chumba. Ikitumika bado ya baridi, inaweza kukosa wagonjwa. Na kila siku ya kupima lazima wapime kwanza seramu mbili wanazozijua, moja ya mgonjwa na moja ya mzima. Kwetu huku, umeme unapokatika mara kwa mara, hilo ndilo swali la kwanza ninalouliza sasa: "Samahani dada, leo mmepima zile mbili za kujihakikishia?" Fundi mzuri hakasiriki.

Korosho mia moja

Wenzangu hawakunielewa mpaka nilipomwaga korosho mezani. Nawe fanya hivyo.

Hesabu 100. Tuseme mbovu ni 2 tu. Una kipimo kinachogundua mbovu 9 kati ya kila 10, na kinachosingizia nzima 2 kati ya kila 100. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya hesabu, usizibandike kwenye kipimo chochote. Zile mbovu 2 huenda zote zikagundulika. Lakini kati ya nzima 98, kama 2 zitasingiziwa. Umebaki na korosho 4 zinazoitwa mbovu, na nusu yake ni nzima.

Sasa mwaga 100 nyingine ambazo mbovu ni 30. Zitagundulika 27. Kati ya nzima 70, itasingiziwa 1, labda 2. Safari hii karibu kila inayoitwa mbovu ni mbovu kweli. Kipimo ni kile kile! Kilichobadilika ni gunia.

Maana yake bandani ni hii. Kama kundi lako halijawahi kutupa mimba, halijaingiza mgeni, na mara akatokea mmoja ana jibu baya, usikimbilie kisu, mtenge, uthibitishe. Kama kundi limeshatupa mimba mbili msimu huu na mmoja akatoka na jibu baya, mwamini karatasi.

Rudi kwenye gunia la pili, utazame zile mbovu 3 zilizopita bila kugundulika. Hapa ndipo watu hujidanganya. Wanasema: nikirudia kipimo, kitakamata tena 9 kati ya 10, kwa hiyo hakuna atakayesalia. Ingekuwa kweli kama zile 3 zilipita kwa bahati tu, kwa mkono wa fundi kutetemeka. Lakini kama zimepita kwa sababu moja inayodumu, mathalani wote watatu wameambukizwa wiki iliyopita, au ni mitamba wale waliozaliwa na mdudu, basi kurudia kesho kutazipitisha tena zote 3. Makosa ya bahati hupungua kwa kurudia. Makosa yenye sababu hubaki pale pale mpaka uondoe sababu.

Ratiba yenyewe

Ng'ombe akipata jibu baya mara ya kwanza: mtenge siku hiyo hiyo, chombo chake cha kukamulia peke yake, akamuliwe wa mwisho. Chukua damu mpya kutoka shingoni mwake, si ile iliyobaki maabara, wiki mbili mpaka nne baadaye, na uombe ipimwe kwa njia tofauti. Kwa kawaida huwa ELISA, njia nyingine ya kutafuta kingamwili, ambayo ni ghali kidogo na inaweza kulazimu seramu kusafirishwa. Ile ya aina ya ushindani ndiyo nzuri zaidi kupunguza usumbufu wa chanjo na wale vijidudu jamaa, ingawa haiumalizi kabisa. Vipimo viwili vya aina tofauti, damu mbili za siku tofauti: hao ndio naita mashahidi wawili.

Aliyetupa mimba apimwe mara mbili bila mjadala: siku hiyo hiyo, na tena baada ya wiki mbili mpaka tatu, kwa sababu siku ya kutupa kingamwili huweza kuwa bado ziko chini. Mwite daktari wa mifugo wa halmashauri aje kuchukua sampuli ya kitoto kilichotupwa na kondo la nyuma. Wewe usiguse kwa mikono mitupu. Na jibu safi mara zote mbili halina maana kwamba hakuna tatizo. Mimba hutupwa pia kwa kijidudu cha leptospira, kwa nagana, kwa Homa ya Bonde la Ufa.

Mgeni, awe ametoka kwa jirani au shamba la serikali: damu kabla ya kulipa hela. Kisha akae peke yake siku 30 walau, upande ambao maji yake hayatiririkii kwa wenzake, na damu ya pili kati ya siku ya 30 na ya 60. Akiwa na mimba, damu ya tatu wiki tatu mpaka nne baada ya kuzaa, na mpaka hapo asihesabiwe kuwa ameingia kundini. Najua hakuna mwenye banda la ziada. Mimi wangu nimemfunga chini ya mkorosho, miezi miwili sasa, namkatia matete asubuhi na jioni. Tangu wafugaji wengi walipohamishwa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 wakaja na mifugo yao Lindi, ng'ombe wa huku kusini wanauzwa na kuhama kuliko zamani, na mnadani hakuna anayekueleza mnyama amepita wapi.

Kundi zima likishasafishwa, yaani mgonjwa wa mwisho ameondoka, usipime keshokutwa ukashangilia. Kanuni za kimataifa za afya ya wanyama hutaka kipimo cha kwanza kisifanyike kabla ya miezi mitatu tangu wa mwisho aondoke, kisha cha pili kati ya miezi 6 na 12 baada ya hicho, wote wawe safi mara zote mbili. Nafasi hiyo ndefu ina sababu: kila jike apate muda wa kushika mimba na kuzaa, maana kuzaa ndiko kunakomtoa mdudu mafichoni.

Katikati ya vipimo hivyo unaweza kutumia maziwa ya kundi, kile kipimo cha pete, ambapo pete ya rangi hupanda juu pamoja na malai. Ni rahisi na huonyesha kama kuna mmoja humo ndani. Usichanganye maziwa ya mwenye ugonjwa wa kiwele, dang'a, wala ya anayekaribia kukauka. Yote hayo huleta pete ya uongo.

Amua kanuni kabla ya karatasi

Hili ndilo lililotugombanisha zaidi kwenye kikundi. Mzee mmoja wetu, nampenda na simtaji, alipima ng'ombe wake mara tatu. Mbaya, mbaya, safi. Akaikunja ile ya tatu akaiweka mfukoni, na ndiyo anayowaonyesha wateja wa maziwa. Nilimwambia, "Shikamoo, lakini babu, ungepata safi mara ya kwanza ungepima ya pili?" Akacheka. Alijua.

Ukipima mpaka upate jibu ulipendalo, utalipata. Kwa hiyo sisi tumeandika mapema. Kununua: jibu baya moja tu, kwa kipimo chochote, hatununui. Hasara ya kumkosa ng'ombe mzima ni ndogo kuliko ya kuingiza mgonjwa. Kumwondoa wa kwako: lazima vipimo viwili tofauti vikubaliane, isipokuwa kundi limeshathibitishwa kuwa na ugonjwa, hapo kimoja kinatosha. Vikipingana, mnyama hubaki ametengwa, anapimwa tena baada ya siku 30 mpaka 60, na maziwa yake yanachemshwa. Kwa kweli maziwa yote yachemshwe, ya aliye na karatasi safi pia, maana homa ya brusela kwa binadamu huja na kuondoka na maumivu ya mgongo na viungo, na wengi hutibiwa malaria miezi kabla mtu hajauliza kama nyumbani kuna ng'ombe.

Kumbuka ratiba hii ni ya brusela. Nagana ina mwendo wake: kinachotafutwa kwenye darubini ni mdudu mwenyewe, na idadi yake kwenye damu hupanda na kushuka siku hadi siku, kwa hiyo hapo kurudia keshokutwa, homa inapopanda, ndiyo akili, ilimradi hujamchoma dawa kabla. Ukiwa Liwale au Nachingwea karibu na pori la mbung'o, utahitaji hilo kuliko hata brusela. Kifua kikuu nacho hupimwa kwa kuchoma ngozi na kusoma uvimbe baada ya saa 72, na kurudia kabla ya siku 42 huweza kutoa jibu la uongo kwa sababu ngozi bado imechoka na sindano ya kwanza.

Daftari langu lina safu saba: namba ya hereni, tarehe ya damu, mara ya ngapi, kipimo gani, jibu, chanjo, na tarehe ya kuzaa au kushika mimba. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huacha tupu, na bila hiyo huwezi kujua jibu safi lilipatikana wakati gani wa mimba. Mtamba wa chini ya mkorosho ameshatoa damu mbili, zote safi. Anatarajiwa kuzaa mwishoni mwa Mei. Nimeandika damu ya tatu mwishoni mwa Juni, majani yakiwa bado mabichi, na mpaka siku hiyo kamba yake haisogei kutoka pale.